Dole la Mzee Makungu

"Jenga ukuta wako, Mtoro, lakini si kwenye njia ya mlango wangu," alisema Bi Mwanakheri, ameinama nyuma ya mashine ya fotokopi akitafuta tundu la waya.

"Nani kasema njia ni yako?" jirani yake alijibu kutoka kibarazani, matofali yameshapangwa nyuma yake.

"Marehemu baba yako. Karatasi aliyoiwekea dole hii hapa, na ofisi ya kata wanaipokea kwa kompyuta mpaka saa sita."

"Mashine hiyo haijawahi kuongea na kompyuta tangu uinunue, jirani. Unaifunika kanga tu kama bibi harusi."

Alichomeka waya. Kompyuta ikasema haioni mashine yoyote, na Mtoro akacheka mpaka akaegemea nguzo. Bi Mwanakheri akazima zote mbili, akawasha mashine kwanza, kompyuta baadaye, kama fundi alivyomwelekeza kwenye simu. Karatasi ilikuwa imechakaa mikunjoni, kwa hiyo aliilaza taratibu kwenye kioo, akabonyeza. Mwanga ukatembea chini yake.

Kwenye skrini likatokea dole gumba la Mzee Makungu, baba yake Mtoro, kubwa kama sahani, na lile kovu la panga katikati.

Mtoro alisogea mpaka kizingitini. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Bi Mwanakheri akabonyeza kutuma, akairudishia mashine kanga yake, akafunua sufuria ya ubwabwa.

"Ingia ule. Pita mlango huu huu, njia bado ipo."

Mtoro akavua kandambili moja. Ya pili ilibaki mguuni, naye akageuka kuyatazama matofali yake.