Kifaa cha Tatu

Alisi alikuwa amevipapasa vile vifaa vitatu mara mbili, kimoja baada ya kingine, na mumewe Kosiya alisimama nyuma yake pale dukani kama mtu aliyeitwa kushuhudia kufukuzwa kwake mwenyewe.

Habari yenyewe Kosiya aliipata asubuhi hiyo hiyo. Walipotoka Bwera alijua wanakwenda Kasese kuchukua dawa ya macho ya Alisi. Walipofika mjini ndipo mkewe alipomwambia kwamba ameuza kahawa ya shamba lake mwenyewe, na kwamba Shakirah, nesi wa macho, amemwelekeza duka linalouza mashine za kusomea.

"Mashine ya nini?" Kosiya aliuliza. "Mimi si nipo?"

"Upo, Baba Ronah. Lakini unachoka."

Hakuwa amechoka. Tangu presha ya macho ilipomnyang'anya Alisi nuru yote, miaka mitano sasa, Kosiya alimsomea kila alasiri baada ya chai. Alimsomea Zaburi, magazeti ya zamani, hata vitabu vya watoto alivyobaki navyo tangu enzi za ualimu. Kanisani kwao watu walisema hakuna msomaji kama yeye. Na barua za binti yao Ronah alimsomea mara mbili mbili, polepole, mpaka Alisi akatabasamu. Leo, bila hata kumshauri, mkewe anatafuta sauti nyingine. 

Mwenye duka aliitwa Bright, mtu mzima mwenye miwani na subira.

"Hii ya kwanza, mama, iko na herufi kubwa sana. Lakini kama macho iliisha kabisa, haitakusaidia. Hii ya pili inasoma kwa sauti. Vitabu iko ndani: Biblia, hadithi, mambo ya kulima. Unafinya hapa."

Alifinya. Sauti ya kike, laini, isiyovuta pumzi, ikaanza kueleza namna ya kupogoa mibuni. Kosiya akatazama pembeni. Ndiyo hii, aliwaza, itakayokalia kiti changu.

"Na hii ya tatu?" Alisi aliuliza.

"Hiyo iko na jicho. Unaweka karatasi chini yake, inapiga picha, inakusomea."

Mkono wa Alisi ulitulia juu ya kile kifaa. "Karatasi yoyote?"

"Ya kuchapwa ni nzuri zaidi. Mwandiko wa mkono inachanganya."

"Chukua ya pili," Kosiya alisema.

Alisi aligeuza uso kuelekea alikosimama Kosiya. Tangu asubuhi mumewe hakuwa amekubali hata neno moja. "Umeridhika?"

"Nimeridhika. Ina Biblia nzima. Nitakuwashia mwenyewe kila siku. Hiyo ya tatu itatusumbua, halafu haijui lugha yetu ya Lhukonzo."

"Ronah anaandika Kiswahili."

Ronah alikuwa kwa watawa wa Kikatoliki, huko Butembo nchini Kongo, mwaka wa sita sasa. Siku aliyoaga, mama yake alikuwa bado anaona; baba yake alikuwa msomaji wa kanisa la Kiprotestanti. Badala ya kumsindikiza, alichukua jembe akaenda kupalilia. Katika nyumba ile ya watawa wasichana walio mafunzoni hawaruhusiwi simu. Ronah alichapa barua zake kwenye kompyuta ya ofisi, na wafanyabiashara waliovuka mpaka pale Mpondwe wakamletea Kosiya.

"Barua za Ronah nakusomea mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Hata hilo nalo unaninyima?"

"Sikunyimi kitu. Ila wewe ukienda shamba, mimi nabaki na karatasi mkononi, naipapasa tu. Nataka nimsikie mwanangu saa ninayotaka."

"Miaka mitano, Alisi. Nimekukosea wapi?"

Bright alimwonea mzee huruma. Akachukua kitambaa akawa anafuta kioo cha meza ambacho hakikuwa na vumbi.

"Tujaribu tu, mzee," alisema mwishowe. "Ikishindwa, mutachukua hiyo ya pili."

Alisi alifungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyofika wiki iliyopita.

"Hiyo ulishaisikia," Kosiya alisema. Alikuwa amemsomea kwamba Ronah ni mzima, kwamba viazi vyao vimestawi, kwamba mvua ni nyingi na anawaombea, na kwamba mwaka huu pia kazi haitamruhusu kuja.

"Ndiyo maana nimeileta. Ikikosea, nitajua."

Bright aliikunjua ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka chini ya lile jicho. Kosiya alinyoosha mkono, lakini kifaa kilikuwa kimeshapiga picha. Ile sauti laini ikaanza, bila haraka, bila kuvuta pumzi.

"Mama mpenzi. Hii ni barua ya tisa ninayokuandikia bila kupata jibu lako. Nilipokuja mwezi wa pili, Baba alinizuia langoni, akaniambia umekataa kuniona. Sikumwamini. Ulikuwa umekaa pale barazani unachambua maharage. Sauti ilinikauka, nikakupungia mkono. Uliinua uso, ukanitazama, kisha ukainamia tena maharage yako."