Kaburi la Kumi na Moja

Kaburi la kumi na moja lilionekana Jumatano asubuhi, mara tu baada ya chai.

"Shikamoo, mzee," alisema Thadei, mpima barabara, kigingi mkononi. "Huyu naye ni nani?"

"Marahaba. Ni babu." Mzee Gidamis alivua kofia mbele ya rundo la mawe.

"Jana ulisema babu yako amelala kule nyuma."

"Yule ni wa upande wa mama."

Thadei akashusha pumzi. Alitumwa kuchora barabara ya lami kutoka shamba la ngano la serikali hadi ghala la mjini, kilomita arobaini zilizonyooka kama uzi, malori yapite bila kusimama. Kijiji cha mzee Gidamis kilikuwa mbali kushoto, na mpango haukukitaja. Lakini mwaka juzi matrekta ya shamba yalilima juu ya makaburi ya watu, kesi ikafika mbali, na sasa amri ilikuwa moja: usiguse kaburi. Nani angethubutu kufukua ahakikishe?

"Wazee wangu," aliwaambia wanakijiji waliokuja na mzee, kama alivyosema mara kumi, "lami ni maendeleo. Msiiogope."

"Maendeleo ya ngano," alijibu Mama Zita, mkunga wa kijiji. "Mwaka jana tulimbeba mkwe wangu kwa machela kwenda hospitali. Malori mawili yalitupita, yakatuachia vumbi. Mtoto hatukumpata. Sasa ana mimba tena, na ninyi mnataka malori yapite mbio zaidi!"

Thadei akarudi kwenye darubini yake ya kupimia. Akainamisha kichwa.

"Pita huku, mwanangu," mzee Gidamis akamwonyesha kwa fimbo. "Kushoto hatuna mtu."

Akapinda kushoto, kama jana, kama juzi. Alhamisi alimkuta shangazi, ambaye hata alipokuwa hai hakupenda kelele. Ijumaa, mapacha. Akapinda tena. Alikuwa mtu wa kazi: macho yake hayakutoka kwenye darubini na kigingi kinachofuata. Jioni aliandika ripoti: "Wananchi wanaipinga barabara kwa nguvu zote. Hata hivyo, kwa uvumilivu, ninawashinda."

Jumatatu alipigilia kigingi cha kwanza bila kuona hata jiwe. Akapigilia cha pili. Cha tatu. Watu walikuwa wamemzunguka, wengi. Akajua leo wanamletea ukoo mzima.

"Mzee," aliuliza kwa woga, "na hapa kuna mtu?"

"Hapa?" Gidamis akatazama chini, akatazama juu. "Hapa hapana. Endelea tu, mwanangu."

Thadei akainua uso kutoka kwenye darubini. Kushoto kwake ilikuwa zahanati ya kijiji. Kulia, soko. Mbele yake kina mama walikuwa wamekaa kwa mstari juu ya magunia ya maharage, wamevaa nguo za kanisani, kuku wamefungwa miguu tayari kwa safari.

Mama Zita akasogea, akakishika kile kigingi, akakitikisa kuona kama kimekaa imara.

"Basi la kwanza," akauliza, "litafika kabla mkwe wangu hajajifungua?"