Mwito wa Mwambani

Joto la bahari lilipoacha matumbawe meupe kama mifupa, kila kijiji kiliamriwa kuzamisha spika mwambani, ili sauti za zamani, za mwamba ulipokuwa hai, ziwaite samaki warudi. Spika ya kijijini kwao alikuwa akiisafisha Mwanakombo, kila maji yakipwa.

Sauti zenyewe zilirekodiwa zamani, wanawake wakiwinda pweza. Uduvi walitatarika kama mafuta ya moto, na katikati yao marehemu mama yake aliita, "Njooni huku, wapo tele!"

"Wifi, sauti za watu zilitakiwa zifutwe," Riziki alimkumbusha. Maji yaliwafika magotini, ya moto kama ya kumkandia mzazi.

"Nikimfuta, nitamsikia wapi tena?"

Alimaliza kusugua, akaiwasha spika. Mama akaita. Vitoto vya samaki aina ya changu vikaja mbio kutoka kilindini, vikayazunguka yale mawe meupe, vikitafuta chakula na pa kujificha. Wenzao wa jana walikuwa wanaelea pale pale, matumbo juu.

Mwanakombo aliinama hadi mdomo ukagusa maji.

"Mama," alinong'ona, "basi, usiwaite."

"Njooni huku," mama akajibu, "wapo tele!"