Mlango wa Zuhena na Masika

Siku hizi milango yote hufunguliwa kwa chaji ya umeme iliyo mwilini, na masika yakiingia unyevu huinyonya kabla kidole hakijagusa kitasa. Zuhena alitoka kuanua nguo tu, mlango ukajifunga. Ndani, mwanawe Raiyan, wa miezi saba, alilia njaa. Zuhena akasugua nyayo kwenye zulia la barazani mpaka zikawaka moto. Mlango kimya.

“Shoga, jisugue na wigi langu,” alisema jirani yake, Mwanaidi. “Nimelikausha jikoni. Zulia hilo la pamba litakukeshesha hapo.”

“Nimechoka kujikuna kama mbuzi ili nimnyonyeshe mwanangu.”

Akajisugua. Cheche ikaruka, mlango ukafunguka.

Raiyan alikuwa amenyamaza. Alikuwa akisugua nyayo zake kwenye godoro, taratibu, kidole amekinyoosha kuelekea mlangoni.