Taa Nyekundu ya Maji

Jumanne, tarehe nane Julai, asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mwalimu Nassoro alifika gereji na gari lake la zamani la mbio likivutwa na trekta.

"Leo la mbio linakimbizwa na trekta!" fundi mmoja alitania, kisha akauona uso wa mwalimu, akainamia kazi yake.

Injini ilikuwa imeungua jana kwenye mlima, akimkimbiza mkewe mjamzito hospitali. Mkewe alijifungulia kando ya barabara, na mtoto hakuishi.

"Fundi Shekuwe," mwalimu alisema, "mara nne nimekuletea gari hili kwa sababu ya ile taa nyekundu ya maji, inayowaka injini ikipungukiwa maji. Jana lazima iliwaka, ila mimi sikuitazama. Mke wangu ananiuliza kwa nini sikuitazama."

Shekuwe aliomba moyoni, Ya Rabi, nipe ulimi. Akafungua sanduku la spana, akatoa glopu ndogo, akaiweka kwenye kiganja cha mwalimu.

"Haikuwaka, mwalimu. Nilishindwa kujua maji yanavujia wapi, nikaing'oa ili usirudi tena."

Mwalimu aliifumbata mkononi. Mafundi wote waliacha kazi.

"Twende kwako sasa hivi," Shekuwe alisema kwa sauti. "Nitamwambia mama wa mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe. Nyote hapa ni mashahidi."