Karatasi Mgongoni mwa Mpiga Picha

Itangazwe kwa wazazi, walimu, wanafunzi na paka wa jikoni kwamba Siku ya Wazazi shuleni kwetu ilifanyika kwa heshima, nidhamu na utulivu mkubwa. Itangazwe pia kwamba kwa saa nzima mpiga picha rasmi wa siku hiyo alizunguka uwanjani na karatasi mgongoni: HARUSI, MAZISHI, PASIPOTI NA MBUZI. KARIBUNI.

Yeye hakujua lolote. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mifuko mingi na goti moja la suruali lililopauka kwa kupiga goti. Kila alipotugeuzia mgongo, kidato cha tatu kizima kilikohoa, maana kucheka mbele ya wazazi ni utovu wa nidhamu.

Kazi aliijua. Baba mmoja mwenye kitambi alimgeuza ubavu kidogo, kitambi kikaenda likizo. Bibi aliyekataa kutabasamu aliulizwa kama alianza urembo zamani au juzi tu, akaonyesha meno yake yote matatu. Kila familia aliiuliza jina, akaliandika daftarini pamoja na idadi ya nakala. Sheria yake ilikuwa moja: kila mtu wa familia apate nakala yake, hata mtoto wa mgongoni. "Siku moja kila mtu atakuwa na ukuta wake," alisema.

"Na wewe familia yako unaitoa matembezi?" mama mmoja alimuuliza.

"Kila nikipata Jumapili tupu. Bustanini, ziwani, hata uwanja wa ndege kutazama ndege zikiruka."

"Basi picha mnazo!"

"Tele. Mimi simo hata kwenye moja."

Familia ya kumi na tisa ilikuwa ya Balozi. Jina hilo la utani kijana alilipata kwa kutueleza, tangu kidato cha kwanza, kwamba baba yake ni mtu wa ubalozini, leo nchi hii, kesho ile. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, mzee alikuwa safarini. Walikuja mama na dada mdogo, ambaye alimchekea mpiga picha hata kabla hajafanya kituko chochote. Mama naye alifungua mdomo. "Kwa nini tusipige sote..."

"Mama, foleni ndefu," Balozi alimkata. "Watu wanangoja."

Mpiga picha alimtazama kijana kidogo, kama mtu anayepima mwanga.

"Kweli. Foleni ndefu," akasema, akainama kwenye kamera.

Alipomaliza aliandika daftarini bila kuuliza kitu, akageuka kuita familia ya ishirini. Hapo mama yake Balozi akaiona karatasi. Aliibandua kwa vidole viwili, akaisoma. Kabla hajaificha, Mkuu wa Shule alikuwa ameshafika.

Mkuu wa Shule alisoma tangazo hilo kwenye kipaza sauti, neno kwa neno, hadi mbuzi.

"Aliyeandika ajitokeze," akasema. "La sivyo nakusanya madaftari ya kidato cha tatu, tunalinganisha mwandiko, na mwenye mwandiko huu anaondoka leo na sanduku lake. Harudi."

Hakukohoa mtu.

"Naomba niione," mpiga picha alisema.

Aliisoma taratibu, mara mbili. Kidole chake kilisimama kwenye Z ya mazishi, iliyokatwa katikati kwa kistari.

"Mwalimu, hii ni yangu."

"Yako?"

"Tangazo la biashara. Nilibandika mwenyewe."

"Mgongoni?"

"Mbele pana kamera."

"Na hao mbuzi?"

"Jumanne nilipiga picha wanane, mwenye mbuzi anawauza. Wanatulia kuliko maharusi."

Uwanja ulilipuka. Sasa kumcheka kuliruhusiwa, na walimu walicheka, na wazazi walicheka, na wengine wetu tulicheka kwa sauti kuliko wote ili tusionekane. Mama yake Balozi hakucheka. Dada mdogo naye hakucheka. Alikuwa akimtazama mtu mmoja baada ya mwingine, kama anayetaka kukumbuka sura. Mpiga picha aliikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama stempu, akaitia mfuko wa shati, akaita tena familia ya ishirini. Upande wetu hakuangalia tena.

Bahasha za picha zilifika baada ya wiki mbili. Bwenini, ya Balozi ilinyakuliwa na jirani yake wa kitanda, Kifutio, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kusahihisha makosa ya watu. Alizimwaga picha kitandani, akazihesabu. Mama, dada, Balozi. Nakala nne.

"Jamani, yule wa mbuzi hesabu zimempiga chenga!" alitangaza bweni zima lisikie. "Watu watatu, picha nne! Nipeni kalamu nimwandikie tangazo la pili."

Kalamu ilirushwa kutoka vitanda vya juu. Kifutio akaidaka, akaipeperusha ile picha ya nne hewani.

"Haya, Mheshimiwa Balozi, hii ya ziada ni ya nani?"

Nilitaka kusema ni ya shangazi. Badala yake nikaichukua picha mkononi mwa Kifutio.

"Ni ya aliyeipiga," nilisema. "Ni baba yangu. Na lile tangazo niliandika mimi."