Viatu Mlangoni

Kila Siku ya Kumbukumbu, watu wa mji ule hupanga mlangoni viatu vya waliouawa vitani. Chausiku alikuwa akivipiga brashi vya mumewe alipokiona kizingiti cha jirani yake, Bi Nyamvula, kitupu kama miaka yote. Mwana wa Bi Nyamvula aliuawa akipigana upande wa pili.

Akavuka njia.

"Vya mwanao viko wapi?"

"Nani atavumilia kuviona, mwenzangu?"

"Vilete. Dawa ya viatu ninayo."

Bi Nyamvula akavitoa uvunguni vikiwa na matope makavu, kama vilivyoletwa pamoja na maiti. Chausiku akaketi kizingitini, akaanza kukwangua. Matope yalikuwa mekundu, na udongo mwekundu ulikuwa shambani kwake tu, pale alipouawa mumewe.

King'ora cha dakika ya kimya kikalia. Mji wote ukasimama. Chausiku alibaki ameketi, kiatu mapajani, brashi mkononi.